Jina Chini ya Picha

Kijiwe chetu ni benchi mbili za mbao zilizoegemezwa kwenye ukuta wa duka la dawa, zinatazamana na geti la hospitali ya ghorofa nne. Birika, muuza kahawa wetu, huja saa tatu asubuhi na jiko lake la mkaa, vikombe kumi na viwili na ndoo ya kusuuzia, na akishawasha moto hakuna habari ya mtaa huu inayopita bila kukaguliwa. Mimi wananiita Bahasha. Nauza kalamu, madaftari na zile bahasha kubwa za kaki ambazo watu walikuwa wakitilia picha zao za eksirei, kabla picha hazijaanza kutumwa kwenye simu. Siku hizi nikiuza mbili kwa wiki nashukuru, na moja kati ya hizo hununuliwa na Mheshimiwa kwa huruma. Huyo ni karani mstaafu, havui koti wala tai hata jua liwake namna gani, na ukimuuliza saa anakujibu kama anahutubia mkutano. Soli ni fundi viatu, mdomo wake hauna breki. Na Vuta Pumzi ni shemeji yake Soli, kamuoa dada yake. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu miaka na miaka aliwaambia watu humo hospitalini maneno yale yale: vuta pumzi, shika, usitikisike. Alianza kwa kupiga hizo picha za eksirei, baadaye akarudi chuo akasomea kuzisoma, na kwa miaka kumi na mmoja sasa kazi yake ni kukaa kwenye chumba chenye giza, kutazama vifua vya watu na kuandika alichokiona. Nawaambia mapema: mimi nina hasira za karibu, na katika kusimulia haya sitajizuia.

Siku hiyo ya Alhamisi alitoka getini saa saba kasorobo, tena bila koti lake jeupe. Kawaida hunywa kahawa kasimama, vikombe viwili, jicho moja kwenye saa. Safari hii alikaa. Soli akaweka pembeni buti alilokuwa akilishona.

Soli: Vipi shemeji? Leo kuna mtu kagoma kuvuta pumzi?

Tulicheka peke yetu. Yeye alitoa karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne, akaiweka gotini na kuikandamiza kwa kiganja.

Vuta Pumzi: Wenzangu watatu wamepigwa kalamu asubuhi hii. Nimebaki mimi.

Birika: Watatu wote? Hata yule mama mwenye miwani?

Vuta Pumzi: Hata yeye. Kapewa boksi la kutilia vitu vyake na mlinzi wa kumsindikiza. Miaka kumi na sita kafanya kazi pale, eti anasindikizwa kama mwizi.

Mimi: Kwa kosa gani?

Vuta Pumzi: Hakuna kosa. Wamenunua akili mnemba. Ni programu tu, inakaa ndani ya kompyuta. Picha ikipigwa inaingia humo, na kabla hujamaliza kupiga chafya jibu limetoka.

Soli: Akili mnemba ndiyo nini?

Mheshimiwa: Akili ya kutengenezwa, Soli. Inafanya kazi ya akili lakini si ya mtu.

Soli: Kumbe! Hiyo mbona maofisini ipo siku nyingi.

Mheshimiwa akarekebisha tai. Tukajua hotuba inakuja.

Mheshimiwa: Ndugu zangu, tusiwe watu wa kupinga maendeleo. Mashine haiombi likizo. Haiugui mafua. Haifiwi na shangazi kila mwisho wa mwezi.

Mimi: Nani anafiwa na shangazi kila mwisho wa mwezi?

Mheshimiwa: Nilikuwa natunza daftari la ruhusa, Bahasha. Najua ninachokisema.

Soli: Mwacheni shemeji aseme. Hiyo karatasi ni ya nini?

Vuta Pumzi: Kazi yangu mpya. Nisaini kabla ya saa tisa alasiri. Nisiposaini nami napewa boksi.

Tukamwambia aisome kwa sauti. Alikataa, akampa Mheshimiwa, maana Mheshimiwa akishika karatasi yenye nembo juu anakuwa kama samaki aliyerudishwa majini. Akavaa miwani.

Mheshimiwa: Cheo: Mthibitishaji Mkuu wa Matokeo.

Soli: Mkuu! Shemeji umepanda!

Vuta Pumzi: Mkuu wa nani? Si nimekwambia niko peke yangu? Soma mbele.

Mheshimiwa: Mshahara... hm. Nusu ya ule wa sasa. Idadi ya picha kwa siku... Hapa pameandikwa mia mbili. Ni kweli?

Vuta Pumzi: Kweli kabisa. Tulikuwa wanne, kila mmoja anasoma arobaini, na jioni macho yanawaka kama yametiwa pilipili.

Birika: Sasa mia mbili utazisomaje peke yako?

Vuta Pumzi: Hazisomwi. Mashine imeshasoma. Mimi nabonyeza palipoandikwa "Kubali", linatoka jina langu chini, picha inakuja nyingine. Nabonyeza tena.

Mheshimiwa: Na hapa wanasema, "Mthibitishaji atawajibika binafsi kwa matokeo yote yanayotolewa chini ya jina lake."

Nilihisi damu inanipanda kichwani. Kwa wasioelewa lugha ya ofisi, maana yake ni hii: mashine ikipatia, sifa ni za hospitali, ikikosea, anayepelekwa mahakamani ni shemeji yake Soli. Nusu nzima ya kazi yake wameichukua, na nusu waliyomwachia ni ya kulaumiwa.

Mimi: Huo ni ujambazi wa mchana kweupe! Wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Eti mkuu!

Soli: Tena mimi nawaambieni siri. Hakuna mashine pale.

Birika: Anaanza.

Soli: Sikilizeni! Nina mteja wangu, fundi wa simu, kaniambia. Kuna ghala huko ng'ambo, limejaa watu wamekaa kwenye viti vidogo, kila mmoja na kioo chake. Picha ikiingia, kengele inalia, mmoja anaisoma, anaandika, analipwa peremende. Halafu mnaambiwa ni akili mnemba. Changa la macho!

Tulisubiri Vuta Pumzi amcheke, kama siku zote. Hakumcheka.

Vuta Pumzi: Umekosea kidogo tu, shemeji. Watu wapo kweli. Ila hawako ng'ambo. Ni sisi.

Soli: Sisi nani?

Vuta Pumzi: Unakumbuka mwaka juzi nilikuwa nakwenda kazini kila Jumamosi?

Soli: Nakumbuka sana. Dada yangu aliniambia una mke wa pili.

Vuta Pumzi: Mke wa pili alikuwa kompyuta. Walituita sote wanne, wakasema hospitali inataka kupanga kumbukumbu zake. Kuna picha za zamani, maelfu kwa maelfu. Kazi ni kufungua picha, kuchora duara jekundu palipo na ugonjwa, na kuandika pembeni ni kitu gani. Mbavu zimevunjika. Maji kwenye pafu. Moyo umetanuka. Ukimaliza, inayofuata.

Birika: Mlikuwa mnalipwa?

Vuta Pumzi: Chai na mkate.

Mimi: Chai na mkate!

Vuta Pumzi: Na cheti mwishoni.

Soli: Kile kilichoko sebuleni? Fremu yake nilinunua mimi!

Vuta Pumzi: Hicho hicho. Na linaloniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyenishikia fimbo. Nilikuwa naipenda ile kazi. Wenzangu walikuwa wanachora ovyo, duara kubwa kama sahani kwa kidoa kidogo kama kunde. Mimi nilikuwa nabaki mpaka alasiri nawasahihishia. Nilijua nawaachia wanafunzi wa chuo kitu cha kujifunzia. Kumbe mwanafunzi alikuwa mmoja.

Birika alimmiminia kahawa bila kuombwa. Vuta Pumzi akashika kikombe, hakunywa.

Vuta Pumzi: Kuna namna yangu ya kuandika. Nikiona kitu kisicho wazi kwenye pafu naandika "kivuli chepesi, mithili ya moshi". Vitabuni hayamo hayo maneno, ni yangu. Asubuhi wameifungua ile programu mbele yetu watuonyeshe maajabu yake. Jibu la kwanza kabisa kutoka: "Kivuli chepesi, mithili ya moshi." Yule mama mwenye miwani akanigeukia, akanitazama tu. Hakusema kitu.

Mimi nilisema kwa niaba yake. Niliyoyasema siwezi kuyaandika hapa, maana wajukuu zangu wanajua kusoma. Itoshe kwamba mlinzi wa geti aliinuka kwenye kiti chake kuona kuna nini, na duka la dawa wakapunguza redio.

Mheshimiwa, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa upande wa maendeleo, alivua miwani. Mtu huyu akigeuka hageuki nusu.

Mheshimiwa: Sasa nauona mpango mzima. Hawa hawataki kusoma picha. Wanataka mifupa.

Birika: Mifupa ya nani?

Mheshimiwa: Yetu sote! Fikirini. Kila aliyepita mle ndani, kifua chake kimo kwenye kompyuta. Mbavu zangu zimo. Zako zimo. Baada ya miaka mitano kutakuwa na sajili ya mifupa. Ukienda kuomba kazi ya kubeba mizigo, wanachungulia uti wako wa mgongo kabla hujasema shikamoo. Ukienda kuchumbia, wakwe wanaulizia nyonga.

Soli: Sajili ni kidogo hiyo. Wanaziuza! Mbavu zako Mheshimiwa saa hizi ziko sokoni ng'ambo, mtu anazitazama anasema hizi nzee, nipunguzie.

Birika: Mimi naona mbali kuliko nyie. Mashine si inataka picha nyingi? Basi itaanza kuzitafuta yenyewe. Utakuja kumtazama mgonjwa, umebeba chungwa lako, pale getini paap! umeshapigwa. Unafika wodini unaambiwa chungwa liweke chini, kitanda chako kile pale.

Soli: Na viatu vinafuata! Unatumbukiza mguu kwenye tundu, linatema kiatu. Mimi napewa cheo, Mthibitishaji Mkuu wa Kandambili.

Tulicheka, hata Vuta Pumzi alionyesha meno kidogo. Kisha Birika, akiwa anasuuza vikombe, akauliza jambo ambalo wasomi wote wa benchi hawakuliwaza.

Birika: Lakini kama mashine ni rahisi, bei pale kwenye dirisha la malipo si imeshuka?

Mheshimiwa: Lazima ishuke. Kiuchumi, gharama ikipungua, bei inashuka.

Mimi: Kiuchumi kwa nani? Mimi nakaa mbele ya geti hili kila siku ya Mungu. Watu wanatoka wameshika risiti wanapiga hesabu kwa vidole. Bei ni ile ile. Tena wameongeza mstari chini, "ada ya huduma ya kisasa".

Mheshimiwa: Haiwezekani.

Mimi: Nenda kaulize.

Hakwenda. Na hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Mishahara mitatu na nusu imeondoka kwenye jengo lile asubuhi moja, mgonjwa hakupunguziwa hata nauli ya kurudia nyumbani, na kila mtu anatuambia tushangilie.

Soli: Basi mashine yenyewe itakuwa jinga, muda si mrefu watakupigia magoti urudi.

Vuta Pumzi: Si jinga, shemeji. Nisiwe muongo. Nimeijaribu na picha zangu za wiki jana. Kuna moja niliisoma saa kumi na moja jioni, nimechoka, kidoa kidogo nyuma ya moyo kikanipita. Yenyewe ilikiona. Mgonjwa nimempigia simu asubuhi hii hii arudi. Kuona, inaona.

Soli: Sasa tatizo liko wapi?

Vuta Pumzi: Haiulizi. Mwaka huu alikuja bibi mmoja, kaja na mwanawe wa kiume, mtu mzima, tena ndiye anayemsemea. Eti mama kaanguka bafuni. Nikaangalia picha. Mbavu nne. Mbili za juzi, moja ya kama miezi miwili, moja imeshaunga zamani. Nikatoka kwenye kile chumba, nikamwambia mwanawe akanunue maji. Nikakaa karibu na bibi, nikamuuliza, mama, bafu lako linakupiga mara ngapi kwa mwaka?

Birika: Akasemaje?

Vuta Pumzi: Alilia. Leo anakaa kwa binti yake. Nimeiwekea mashine picha ile ile. Imehesabu mbavu zote nne, haikuacha hata moja. Chini ikaweka jina langu, basi. Na mimi ninazo mia mbili za kubonyeza, nitatoka saa ngapi kwenda kukaa karibu na mtu?

Kisha Soli akasema lile ambalo shemeji mtu lazima aliseme.

Soli: Yote hayo nimeyasikia. Lakini shemeji, saini.

Mimi: Soli!

Soli: Wewe Bahasha huna dada ndani ya nyumba ile! Binti yao mkubwa yuko mwaka wa mwisho chuoni. Yule mdogo macho yake yanataka miwani mipya kila mwaka. Dada yangu ana cherehani moja na pedali imekatika. Nusu mshahara ni nusu. Bila saini ni sifuri. Shemeji, jikaze kisabuni, saini, tutatafuta kazi nyingine taratibu.

Vuta Pumzi: Nyingine wapi? Nimepiga simu hospitali tatu asubuhi hii. Mbili wameshanunua programu ile ile, ya tatu wanaisubiri. Huko kote nimeshatangulia kufika.

Soli: Ndiyo maana nasema saini.

Vuta Pumzi: Najua. Nilikuja hapa nimeshaamua kusaini. Nilitaka kikombe kimoja kwanza.

Hasira hailipi ada ya chuo. Mheshimiwa alikuwa bado ameshika ile karatasi, anaisoma zile herufi ndogo za chini, kwa sababu ni mtu ambaye hata kopo la dawa ya mbu analisoma mpaka mwisho.

Mheshimiwa: Hapa wanasema mkataba unahesabiwa kuanza tarehe mosi ya mwezi huu.

Vuta Pumzi: Tarehe mosi?

Mheshimiwa: Mosi. Na leo ni kumi na tisa. Ina maana mashine imeanza kazi siku nyingi kabla hawajawaambia.

Vuta Pumzi: Mwezi huu sisi tulikuwa tunasoma za wodini tu. Za wagonjwa wa nje, wasiolazwa, walisema zinapelekwa tawi jingine, kutupunguzia mzigo.

Birika: Sasa hizo za nje zilikuwa zinatoka kwa jina la nani?

Vuta Pumzi aliinamisha kikombe, kahawa ikamwagikia kiatu, wala hakuitazama.

Ilikuwa saa nane na nusu imeshapita. Kutoka upande wa geti alikuja binti wa kama miaka ishirini na mitano, kasukwa nywele ndefu zinamfika mgongoni, simu mkononi, amevaa sare mpya ya kiwanda ambayo mikunjo ya dukani ilikuwa haijatoka. Alisimama mbele yetu akapiga goti kidogo.

Binti: Shikamooni.

Tukaitikia.

Binti: Samahanini. Namtafuta mtu anayefanya kazi humo ndani. Dirishani wamesema majibu hayaulizwi pale, nipige simu. Nikipiga simu inaongea mashine, inaniambia nibonyeze moja, nabonyeza, inaniambia nibonyeze moja. Mlinzi kanionyesha hapa, kasema wafanyakazi huja kunywa kahawa.

Mimi: Unamtafuta nani, mwanangu?

Aliangalia simu yake akataja jina. Lilikuwa jina refu la watu watatu, la mtu na baba yake na babu yake, na kijiweni hapo hatukuwa tumelisikia zaidi ya mara moja, siku cheti kilipotiwa fremu. Soli akamgeukia shemeji yake.

Vuta Pumzi: Ni mimi, binti yangu.

Binti: Afadhali! Baba, naomba uniambie kwa mdomo wako. Umeona nini kwenye kifua changu?

Vuta Pumzi: Sijakiona kifua chako.

Binti: Lakini umeandika.

Akamwonyesha simu. Chini kabisa ya jibu lilikuwepo lile jina refu, na juu yake maneno: kivuli chepesi, mithili ya moshi, juu ya pafu la kulia, kifua kikuu kinashukiwa.

Alitusimulia amesimama, hakutaka kukaa. Kiwanda cha biskuti, upande wa kufungasha. Aanze Jumatatu ijayo. Walimpeleka kupimwa Jumanne, majibu yakaenda kiwandani kabla yake, msimamizi akamwambia asubiri nje ya lango, asiwasogelee wenzake. Wamempa mpaka saa kumi jioni hii alete karatasi ya kusema ni mzima, la sivyo nafasi anapewa wa pili kwenye orodha. Tangu jana amempeleka mwanawe kwa dada yake. Na mama yake mzazi, bila kusema neno, amekitenga kikombe chake rafu ya peke yake.

Binti: Sikohoi mimi. Sijawahi hata kukohoa.

Vuta Pumzi: Picha yenyewe unayo?

Alikuwa nayo kwenye simu. Jua lilikuwa kali, kioo hakionyeshi kitu, basi Mheshimiwa akafanya jambo ambalo sijamwona akilifanya kwa miaka tisa: alivua koti. Akawafunika nalo, Vuta Pumzi na ile simu, na sisi tukabaki tunasikiliza sauti ikitoka chini ya koti.

Vuta Pumzi: Siku ya kupigwa picha, nywele ulizifunga juu?

Binti: Hapana. Zilikuwa hivi hivi. Hakuna aliyeniambia. Waliniambia nivue blauzi tu.

Koti likaanguka chini. Vuta Pumzi alikuwa amekunja uso, jasho linamtiririka, kaikinga simu kwa kiganja.

Vuta Pumzi: Njooni muone. Hata nyie mtaona. Huu hapa ndio huo moshi. Ufuate na kidole. Unatoka kwenye pafu, unavuka mfupa wa bega, unapanda shingoni, halafu huu hapa, umetoka nje ya mwili kabisa. Ugonjwa wa pafu hautoki nje ya mtu ukapanda hewani! Ni nywele hizi. Zimeangukia kifuani mbele ya mashine. Anayepiga picha anatakiwa kumwambia mtu afunge nywele, ni jambo la siku ya kwanza darasani. Na asipomwambia, msomaji anaona, anacheka, anamrudisha akapigwe tena. Dakika tatu!

Soli: Kwa hiyo ni mzima?

Vuta Pumzi: Pafu safi kama la mtoto.

Binti alikaa. Alijikuta amekaa tu, kwenye gogo la kushonea viatu, akaziba uso kwa viganja.

Mheshimiwa: Basi ingia ndani sasa hivi ukarekebishe!

Vuta Pumzi: Neno langu la siri wamelifunga tangu asubuhi. Linafunguliwa nikisaini.

Soli: Si ndiyo hapo! Saini, shemeji! Unamwokoa binti wa watu na unajiokoa na wewe. Ingia mbio, dakika kumi zimebaki.

Vuta Pumzi: Nikisaini, nimekubali kwamba hili nililiandika mimi. Mheshimiwa kasoma hapo, tangu tarehe mosi. Hili, na mengine yote ya siku kumi na tisa. Nimewaambia watu wangapi wana kifua kikuu kwa sababu ya nywele? Nimewaambia wangapi ni wazima nao si wazima? Siwajui. Hawa wote wanalitafuta jina langu, kama huyu.

Soli aliitazama saa kwenye simu yake.

Vuta Pumzi alimnyang'anya Mheshimiwa karatasi. Aliikunjua yote juu ya benchi, akaipiga pasi kwa kiganja, akaigeuza upande usio na maandishi. Akachomoa kalamu. Aliandika polepole, na mimi niliyekuwa nyuma ya bega lake nilisoma kila neno. Aliandika jina la binti kama alivyomtajia, tarehe, saa. Akaandika: "Picha hii nimeisoma mimi mwenyewe, kwa macho yangu, leo. Mapafu yote mawili ni mazima. Kivuli kilichotajwa ni cha nywele. Hana dalili ya kifua kikuu. Jibu la awali halikusomwa na mtu." Akatia saini, na chini yake akaandika lile jina refu lote, la kwake, la baba yake na la babu yake.

Soli: Shemeji, hiyo si karatasi ya mkataba?

Vuta Pumzi: Ndiyo.

Soli: Na saa tisa hiyo hapo.

Vuta Pumzi: Naiona.

Soli alichukua lile buti, akaanza kushona mahali alipokwisha kushona. Sikumlaumu. Alikuwa anamfikiria dada yake, na mimi pia nilikuwa namfikiria, na hasira yangu yote ilikuwa haina pa kwenda isipokuwa kwenye lile jengo lenye vioo.

Binti alipokea karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma, midomo ikicheza, akairudia. Akaigeuza upande wa pili, akaiona nembo ya hospitali na maneno ya mkataba, akaigeuza tena. Akatazama juu.

Binti: Ahsante, baba. Lakini haina mhuri.

Vuta Pumzi: Haina.

Binti: Wao jibu lao limetoka kwenye kompyuta. Hii ya mkono, kiwandani wataipokea?

Vuta Pumzi alifunga kalamu yake. Tukamtazama Mheshimiwa, mtu aliyegonga mihuri maisha yake yote, naye akainama kuokota koti. Birika akafunua birika lake, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

Binti alidhani hatukumsikia. Akauliza tena, taratibu, akimtazama kila mmoja wetu kwa zamu.

Binti: Wataipokea?